Gofu Lililoachwa Liwe Gofu: Vinu vya Unga vya Minneapolis

Miaka ya 1960, katika jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota huko Marekani, mfereji uliokuwa ukiviendesha vinu vya unga kwa karibu karne nzima ulikwisha jazwa kifusi. Vinu vingi vilibomolewa, na misingi yake pamoja na mahandaki ya kutolea maji vikafunikwa kwa mchanga na kokoto. Mwaka 2001, palepale, ilifunguliwa bustani ya umma iitwayo Mill Ruins Park. Ili ifunguliwe, ilibidi watu walipwe kukitoa kifusi ambacho wenzao walikuwa wamelipwa kukiweka.

Anayefika leo anakuta kuta za mawe zisizo na paa, matao yaliyokatika, na maji yanayopita tena katika mifereji iliyofukuliwa. Juu ya bustani limesimama jengo kubwa la mawe ambalo upande mmoja ni gofu tupu, madirisha yake yakiwa matundu ya kuona mawingu, na upande mwingine ni vioo vipya. Hilo ni Mill City Museum, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2003 ndani ya gofu la kinu kilichoungua. Wageni wengi huondoka na swali moja: kama walikuwa na fedha za kukarabati, mbona hawakumaliza kazi?

Hakuna aliyechoka njiani. Kuta zile ziliachwa hivyo kwa makusudi, na ili kuelewa kwa nini, inabidi kurudi nyuma hadi kwenye mto wenyewe. Kinu cha namna ile kilikuwa maji kwanza, jengo baadaye.

Maji na mwamba

Mto Mississippi una urefu wa zaidi ya kilomita 3,700, lakini maporomoko makubwa ya asili unayo mahali pamoja tu, nayo ndiyo haya. Wadakota, wenyeji wa eneo hilo, wanayaita Owámniyomni. Padri Louis Hennepin alipoyaona mwaka 1680 aliyapa jina la Mtakatifu Antoni wa Padua, na ramani za Kizungu zikalichukua jina hilo.

Mwamba wa pale una tabaka mbili. Juu ni mawe ya chokaa, magumu. Chini yake ni mawe mchanga, laini kiasi kwamba unaweza kuyakwangua kwa mkono. Maji yakianguka yanaichimba ile tabaka laini, ile ngumu inabaki ikining'inia bila nguzo, kisha inakatika. Kwa hiyo maporomoko hayakai mahali pamoja. Yanarudi nyuma, kuelekea mto unakotoka. Tangu barafu kuu ilipoyeyuka, miaka zaidi ya 10,000 iliyopita, yamesafiri kutoka upande wa jiji jirani la St. Paul hadi yalipo sasa. Hatari ni kwamba mbele kidogo tabaka ya chokaa inakwisha. Maporomoko yakifika hapo, hayatakuwa maporomoko tena, bali mteremko wa maji ya kasi juu ya mchanga, na nguvu yote ya kusukuma mashine itapotea.

Wenye vinu nusura wajiletee balaa hilo wenyewe. Mwaka 1869 mfanyabiashara William Eastman na wenzake walikuwa wakichimba handaki chini ya mto, ndani ya yale mawe mchanga, ili wapate nguvu ya maji ya kuendeshea kinu chao katika kisiwa cha Nicollet. Oktoba 1869 mto ulitoboa na kuingia handakini. Watu wa mji walikimbia na magogo, mawe na udongo kuziba shimo. Mto ukazimeza juhudi zao. Hatimaye ilibidi wahandisi wa jeshi la Marekani wajenge ukuta wa zege chini ya chokaa, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, wenye kina cha mita zipatazo 12. Ulikamilika mwaka 1876. Juu yake maporomoko yalivishwa sakafu ya mbao, ambayo baadaye ilibadilishwa kuwa ya zege. Kwa maneno mengine, hayo yanayoitwa maporomoko ya asili yamesimamishwa mahali pake kwa nguvu tangu karne ya 19. Anayedai kwamba bustani irudishe mahali hapa katika "hali ya asili" ana kazi ya kueleza kwanza ni asili ya mwaka gani.

Sasa tuone maji yalivyofanya kazi, maana bila hilo magofu ya pale ni mawe tu. Upande wa magharibi, juu ya maporomoko, kampuni ya maji ilichimba mfereji mkuu sambamba na mto, nao uliongezwa urefu kadiri vinu vilivyozidi. Kila kinu kililipia kiasi cha maji kilichotumia. Maji yaliingia kwa lango lenye chujio la vyuma, la kuzuia magogo na barafu, kisha yakaporomoka ndani ya shimo la wima lililojengewa kwa mawe chini ya kinu. Mwishoni mwa shimo hilo palikuwa na turbini, yaani gurudumu la mapanga. Maji yaliizungusha, turbini ikazungusha shafti ndefu iliyopanda hadi ghorofa za juu, na kutoka hapo mikanda ya ngozi ikaugawa mzunguko kwa mashine zote za jengo. Maji yaliyokwisha fanya kazi yalitoka kwa handaki la chini na kurudi mtoni.

Kwa hiyo vinu viliwekwa juu ya tofauti ya kimo kati ya mfereji wa juu na mto wa chini, mita kumi au zaidi. Mahandaki ya kutolea maji ndiyo sehemu kubwa iliyofukuliwa katika bustani. Yale matao unayoyaona karibu na usawa wa mto hayakuwa milango ya watu. Watu walikuwa juu kabisa; hapa palikuwa pa maji yaliyochoka.

Unga mweupe na vumbi lake

Ngano ya Minnesota ilikuwa na tatizo. Baridi kali iliwafanya wakulima wapande wakati wa masika ya huko badala ya majira ya kupukutika majani, na ngano hiyo ina punje ngumu yenye ganda linalovunjika ovyo. Mawe ya kusagia ya zamani yalizunguka kwa kasi na kwa kubanana, yakasaga ganda pamoja na kiini, na unga ukatoka na rangi ya kijivu, wenye madoa, na wa kuharibika upesi. Mlaji wa ugali anaijua tofauti hii, ni ile ya dona na sembe; ila soko la mkate la wakati huo lilitaka sembe tu na kulipa bei ya juu kwa weupe.

Kuanzia 1870 fundi Edmund La Croix, akifanya kazi katika kinu cha Cadwallader Washburn, alitengeneza mashine ya kuchekecha chembe za kati, zile zilizo karibu na ganda na zenye protini nyingi, huku upepo ukipulizwa kutoka chini. Pumba nyepesi zilipeperuka, chembe nzito zikabaki na kusagwa tena. Ghafla ngano iliyokuwa ikidharauliwa ikatoa unga mweupe, wenye nguvu ya kuumuka, ulioshinda ule wa ngano laini za kusini. Bei ikapanda, na vinu vikazaliana kando ya mfereji.

Lakini upepo uliopeperusha pumba ulipeperusha pia vumbi la unga, na hapo ndipo msiba ulipojengwa polepole. Unga ulio ndani ya gunia hauwaki kwa urahisi. Kiberiti utakachokitupa juu yake kitaunguza kidogo na kuzima. Unga huohuo ukielea hewani ni kitu kingine, kwa sababu kila chembe imezungukwa na oksijeni pande zote. Chembe moja ikishika moto inawasha jirani yake, na jirani jirani yake, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kama yote hayo yametokea ndani ya kuta, hewa iliyopashwa moto haina pa kwenda. Mara nyingi mlipuko wa kwanza huwa mdogo; kazi yake mbaya ni kutikisa jengo na kupandisha hewani vumbi lililokuwa limetulia juu ya boriti na sakafu kwa miezi, na mlipuko wa pili ndio unaoangusha kuta.

Jioni ya tarehe 2 Mei 1878, Kinu A cha Washburn, jengo la ghorofa saba na nusu lililokamilika mwaka 1874, kililipuka. Wafanyakazi wa zamu ya mchana walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Wale 14 wa zamu ya usiku waliokuwemo walikufa wote, na wengine 4 walikufa katika majengo ya jirani, maana moto ulivuka na kuteketeza vinu vingine. Chanzo kilichokubalika ni cheche za mawe ya kusagia yaliyokuwa yakizunguka bila nafaka kati yake, jiwe likikwaruza jiwe.

Washburn alijenga upya, tena kikubwa zaidi. Mhandisi William de la Barre, aliyezaliwa Vienna, aliletwa kufunga mitambo ya kufyonza vumbi, na baadaye akaenda Ulaya kuchunguza vinu vya Hungaria vilivyokuwa vikitumia roli za chuma badala ya mawe. Roli zinapasua punje hatua kwa hatua badala ya kuisaga mara moja, hazipati joto sana, na zinatoa unga mwingi zaidi kwa kila gunia la ngano. Kufikia 1880 Kinu A kilikuwa kikubwa kuliko vyote duniani, sifa iliyodumu hadi ng'ambo ya mto kilipofunguliwa Kinu A cha Pillsbury mwaka uliofuata. Katika ubora wake, Kinu A cha Washburn kiliweza kutoa kwa siku moja unga wa kutosha mikate milioni 12. Kampuni yenyewe, kwa muungano wa mwaka 1928, ndiyo ikawa General Mills, ambayo bidhaa zake za nafaka ziko madukani hadi leo.

Kuanguka hakukuhitaji mlipuko. Umeme ulipoenea, kinu hakikuwa tena na sababu ya kukaa kando ya maporomoko. Nauli za reli zilibadilika, na jiji la Buffalo, jimbo la New York, lililoweza kupokea ngano kwa meli kupitia Maziwa Makuu ya Amerika, likaipita Minneapolis mwaka 1930. Kinu A kilifungwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi kilikaa kitupu, kikilaliwa na watu wasio na makazi, hadi moto wa mwaka 1991 ulipokichoma na kuacha kuta, zilezile za Mill City Museum.

Njia nne za kushughulikia kitu cha kale

Hapa ndipo swali la "mbona hawakumaliza" linapopata jibu. Wataalamu wa uhifadhi Marekani hufuata miongozo ya serikali kuu inayotenganisha njia nne. Ya kwanza ni kuhifadhi kilichopo kama kilivyo, ukizuia tu kisiendelee kuharibika. Ya pili ni kukitengeneza kwa matumizi mapya huku ukilinda sura yake ya kihistoria. Ya tatu ni kukirudisha katika sura ya kipindi fulani kilichochaguliwa, hata kama ni lazima kung'oa vilivyoongezwa baadaye. Ya nne ni kujenga upya kilichokwisha toweka. Kwa mazungumzo ya kawaida zote tunaziita ukarabati, na ndiyo maana watu hugombana wakidhani wanazungumza jambo moja.

Minneapolis njia tatu kati ya hizo zinaonekana, kwa mwendo mfupi wa miguu kutoka hapa hadi pale. Kuta za bustani na ua wa gofu la Kinu A zimehifadhiwa kama zilivyo. Kinu A cha Pillsbury, ambacho kiliendelea kusaga hadi 2003, kimefanywa nyumba za kupanga za wasanii. Stone Arch Bridge, daraja la mawe lililojengwa mwaka 1883 na tajiri wa reli James J. Hill, halipitishi treni tena; tangu 1994 ni la waenda kwa miguu na baiskeli. Na katika bustani ipo njia ya mbao iliyojengwa upya kwa mfano wa barabara ya zamani, kitu ambacho kwa maoni yangu ndicho dhaifu kuliko vyote, kwa sababu mgeni anaitazama kama vile nayo ni ya kale.

Kwa nini Kinu A hakikurudishwa kamili? Fikiria ungekirudisha katika hali ya mwaka gani. Cha 1874 kililipuka. Cha 1880 kilibadilishwa mashine mara nyingi. Maghala marefu ya zege ya nafaka yaliyo kando yake, pamoja na maandishi makubwa ya tangazo la unga wa Gold Medal juu yake, ni ya karne ya 20. Kuchagua mwaka mmoja ni kufuta mingine, na moto wa 1991 wenyewe ni sehemu ya habari. Msanifu Thomas Meyer aliamua kusimamisha jengo jipya ndani ya kuta zilizobaki, huku upande mmoja ukiachwa wazi kama ua. Mimi naona aliamua vizuri. Ukiwa ndani unaona chuma kilichopinda kwa joto karibu kabisa na kioo kisafi, na hakuna anayekudanganya kipi ni cha lini.

Isidhaniwe kwamba kuacha gofu ni rahisi. Gofu ni jengo lililopoteza kofia yake. Mvua inaingia kwa juu, katikati ya ukuta, mahali ambapo mjenzi hakutarajia maji yafike. Minnesota joto la majira ya baridi hushuka mbali chini ya sifuri, na maji yaliyojificha ndani ya nyufa yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Yanasukuma mawe, yanayeyuka, yanaingia zaidi, yanaganda tena. Kifusi kilichozika misingi miaka ya 1960 kilikuwa, bila mtu kukusudia, blanketi zuri. Siku kilipoondolewa, kuta zilianza kuzeeka tena, na tangu hapo kuna gharama ya kuzikagua, kuziba vichwa vyake na kujaza upya viungo kati ya mawe.

Hata kujaza viungo kuna utaalamu wake. Fundi asiyejua atakimbilia saruji ya kisasa, kwa kuwa ni ngumu. Tatizo ni kwamba inaweza kuwa ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi unyevu. Maji yanakosa njia kwenye kiungo, yanatafuta njia ndani ya jiwe, na jiwe ndilo linalobanduka huku saruji ikibaki nzima. Wanaoshughulika na nyumba za chokaa na mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe, Zanzibar, wanalijua vizuri tatizo hili, kwa sababu plasta ya saruji imezidhuru nyingi. Kanuni ni kwamba kiungo kiwe dhaifu kuliko jiwe, ili kikiharibika kitolewe na kuwekwa kingine.

Nani analipa, nani anavuna

Bustani za Minneapolis haziko chini ya baraza la jiji. Zinasimamiwa na bodi iliyoanzishwa mwaka 1883, ambayo wajumbe wake huchaguliwa kwa kura na ina sehemu yake ya kodi ya majengo. Bila chombo cha namna hii, ardhi ya kando ya mto katikati ya jiji ingekwisha uzwa zamani. Eneo lote liliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria mwaka 1971, na mwaka 1988 bunge la jimbo likaunda bodi ya kuratibu urithi wa eneo hilo, kwa sababu makumbusho, daraja, bustani na barabara zilikuwa na wamiliki tofauti.

Upande wa pili ni wa wawekezaji. Serikali kuu ya Marekani humpunguzia kodi, kwa asilimia 20 ya gharama, mtu anayekarabati jengo la kihistoria la kibiashara kwa kufuata miongozo. Vinu na maghala mengi ya eneo hilo yamegeuzwa makazi na ofisi. Mantiki inaeleweka, lakini isisahauliwe kwamba umma ndio uliofukua mahandaki, ukafungua daraja na kupanda miti, kisha kila aliyekuwa na ghorofa inayotazama mto akaona bei yake ikipanda. Mtaa wa Cedar-Riverside, kitovu cha Wasomali wa Marekani, ambako pia utasikia Kiswahili cha waliopitia Nairobi, Dadaab au Kakuma, hauko mbali. Unatembea kwa miguu ukafika. Kuingia bustanini ni bure kwa wote. Kuishi jirani nayo ni habari nyingine.

Kuna na walionyimwa kabla hata mfereji haujachimbwa. Ardhi ya kingo hizi ilichukuliwa kwa Wadakota kupitia mikataba ya karne ya 19, na baada ya vita vya 1862 kati yao na Marekani, Wadakota walifukuzwa Minnesota. Chini ya maporomoko palikuwa na kisiwa kidogo walichokiheshimu, kisiwa cha mizimu. Kilichimbwa mawe ya kujengea, na mabaki yake yakaondolewa wakati wa ujenzi wa mlango wa kupandishia na kuteremshia meli, uliofunguliwa mwaka 1963. Kwa muda mrefu maelezo ya eneo hili yalianza na wenye vinu, kana kwamba mto ulikuwa ukiwasubiri.

Hilo limeanza kubadilika, na si kwa vibao vya maelezo tu. Mwaka 2021, katika sehemu ya bustani iitwayo Water Works, lilifunguliwa jengo lililojumuisha mabaki ya kiwanda cha kupasulia mbao cha Bassett na kinu cha unga cha Columbia. Ghorofani uliwekwa mgahawa wa Owamni wa mpishi Sean Sherman, wa kabila la Oglala Lakota, ambaye hupika vyakula vya asili ya Amerika kabla ya Wazungu. Haukuwemo mkate wa ngano, wala maziwa, wala sukari ya miwa. Yaani juu ya kuta za kinu cha unga, watu walipanga foleni kula chakula kisicho na unga wa ngano hata kijiko.

Kinachosubiri sasa ni ule mlango wa meli. Ulifungwa Juni 2015 ili kuwazuia samaki wavamizi wa jamii ya kapi wa Asia wasipande juu ya mto, na meli za mizigo zilikuwa zimekwisha pungua. Shirika linaloongozwa na Wadakota linafanyia kazi mpango wa ardhi ya kando yake kurudi mikononi mwa Wadakota na kurudishiwa mimea na maji yanayotiririka. Pembeni yamebaki maboma ya zege ya 1963, ambayo umri wake sasa umepita miaka 60. Wahifadhi watalazimika kuamua kama nayo ni urithi wa kulindwa au ni kifusi kilichowekwa juu ya kisiwa cha watu.